Chris Evert na Martina Navratilova: 18 kwa 18, mechi 80. Kwa nini mnampa Martina kirahisi hivyo?

#1 Fimbo ya Tano
Wakuu, salaam.

Nimechoka na huu wimbo wa "Martina hana mpinzani". Kila mjadala wa tenisi ya wanawake ukifika ukurasa wa pili, tayari mtu kashamgeuza Chris Evert kuwa mpambe wa bibi harusi.

Haya, tuweke mezani. Mataji ya mmoja mmoja ya Grand Slam, yale mashindano makubwa manne ya mwaka (Australia, Paris, Wimbledon na US Open): Chris 18, Martina 18. Chris alibeba angalau moja kila mwaka kuanzia 1974 hadi 1986, miaka 13 bila kuruka hata mmoja. Alicheza Grand Slam 56, akafika nusu fainali 52. Rudia kusoma. Kwenye viwanja vya udongo alishinda mechi 125 mfululizo, kuanzia Agosti 1973 hadi Mei 1979, na Tracy Austin alipomkatia huo mnyororo kule Roma ilibidi iende hadi taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6) ya seti ya tatu. Baada ya hapo akaanza mnyororo mwingine, mechi 72.

Najua mtaniletea 43 kwa 37, yaani walipokutana wenyewe Martina alishinda 43, Chris 37. Leteni. Ila mkileta, semeni na hizo 43 zilichezewa juu ya nini.

Swali langu ni hili: Martina ana nini ambacho Chris hana, ukiondoa misuli?

#2 Chumvi Nyingi
Nimeshika kiti cha mbele kabisa. Anzeni.

#3 Mshoto Original
Ana mkono wa kushoto. Uzi ufungwe.

#4 Kikokotoo
Mkuu Fimbo, kumwondolea Martina misuli ni sawa na kumwondolea samaki maji halafu ukauliza mbona haogelei.

Sare ya 18 kwa 18 ni sare ya kabati la vikombe. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe haikuwa sare. Fainali za Grand Slam walizokutana ni 14: Martina 10, Chris 4. Wimbledon pekee walikutana fainali tano (1978, 1979, 1982, 1984, 1985) na sahani ya mshindi ilikwenda nyumba moja mara zote tano.

Halafu kilele. Mwaka 1983 Martina alishinda mechi 86, akapoteza moja. MOJA. Kathy Horvath, raundi ya nne, Paris. Mwaka 1984 akashinda 74 mfululizo mpaka Helena Sukova alipomzuia Australia. Kutoka Wimbledon 1983 hadi US Open 1984 alizoa Grand Slam sita mfululizo. Chris ana mwaka gani wa kuweka pembeni ya hiyo?

#5 Fimbo ya Tano
Kikokotoo umeiruka Paris makusudi, kama mtu anayeruka jina la mdai wake kwenye daftari.

Fainali za Paris walikutana mara nne. 1975 Chris. 1984 Martina. 1985 Chris, 6-3, 6-7, 7-5. 1986 Chris tena, baada ya kupoteza seti ya kwanza 2-6. Na hizo mbili za mwisho amezipata akiwa ametoka kupigwa mara 13 mfululizo na mtu huyohuyo. Mara kumi na tatu! Kuanzia mwisho wa 1982 mpaka akamfunga Florida Januari 1985. Wewe ukipigwa mara tatu na mtu mmoja kwenye bao unahama baraza.

Kilele unacho wewe. Mimi nina uwanda wa juu wenye urefu wa miaka 13.

#6 Mshoto Original
Uwanda wa juu wa udongo tu. Wimbledon Chris hakuwahi kumfunga Martina hata siku moja.

#7 Shangazi Wavu
Mwanangu Mshoto, hapo umeteleza. Fainali ndiyo hakumfunga. Lakini nusu fainali ya 1976 Chris alishinda, akaenda kuchukua na kombe. Nusu fainali ya 1980 akashinda tena, na Martina ndiye alikuwa bingwa mtetezi. Ukijumlisha Wimbledon yote ni 7 kwa 2. Saba kwa mbili ni kipigo, sikatai, lakini si sifuri.

Mimi ningependa mzungumzie kitu kinachosahaulika: raketi. Nilianza kucheza na ya mbao. Nyinyi wa juzi hamjui adha yake. Raketi ya mbao ukiiacha hivihivi inapinda, kwa hiyo kila ukimaliza unaiingiza kwenye kibanio chenye skrubu nne, unakaza pembe moja, unahamia nyingine kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja zaidi, kesho yake imeinama na mpira unakwenda kwa jirani. Na pale katikati penye uhai ni padogo kama kiganja cha mtoto. Ukipiga nje ya pale, mkono mzima unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko.

Chris aliijenga tenisi yake yote juu ya chombo hicho. Kulenga, kulenga, kulenga. Ilipokuja grafaiti, kosa likawa linasamehewa, na nguvu ikawa inapatikana hata kwa aliyechelewa. Nani anafaidika? Anayepiga kwa nguvu na anayekimbilia wavu. Chris aliing'ang'ania mbao mpaka ndani ya kile kipindi cha vipigo 13, ndipo akahama. Naona watu wanamsifu Martina kwa mambo ambayo nusu yake ni ya kiwandani.

#8 Kipanga
Shangazi shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo hoja ya raketi ina tundu.

Fainali ya US Open 1978: Pam Shriver ana miaka 16, ana raketi ya Prince yenye kichwa kikubwa kama ungo. Chris ana mbao. Matokeo 7-5, 6-4, mbao imeshinda. Kwa hiyo chombo peke yake hakikumtisha Chris. Kilichomtisha ni nani alikishika.

#9 Shangazi Wavu
Marahaba. Shriver wa miaka 16 si Martina wa miaka 26. Lakini nimekusikia.

#10 Chumvi Nyingi
Shangazi ametikiswa ila hajaanguka. Endeleeni, naona 1-1.

#11 Kocha Mstaafu
Nimefundisha vijana miaka mingi, niseme ninaloliona. Misuli ambayo mleta uzi anataka iondolewe ndiyo hadithi yenyewe.

Mwaka 1981, fainali ya Amelia Island, Florida, udongo, Chris alimlaza Martina 6-0, 6-0. Kumbuka huyo ni Martina aliyekwisha kubeba Wimbledon mbili. Bingwa amelambishwa yai mbili mbele ya watu. Mwaka huohuo akaungana na Nancy Lieberman, mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye hakumbembeleza: alimwambia anachezea kipaji chake. Vyuma, mbio fupi, mazoezi ya saa nyingi kwa siku, chakula cha kupimwa. Renée Richards akaingia kusimamia ufundi na mbinu. Mwisho wa mwaka anamfunga Chris fainali ya Australia. Mwaka 1982 mechi 90 ameshinda, tatu ndizo alizopoteza.

Kipaji alikuwa nacho tangu kwao Prague, Czechoslovakia. Alichoongeza ni kazi. Chris alipoona hivyo naye akaenda kunyanyua vyuma, na ndiyo maana 1985 na 1986 zilitokea. Kwa hiyo ukisema "ukiondoa misuli", unamwondolea Chris pia hizo Paris mbili unazojivunia.

Nina mwanafunzi nilimfundisha akiwa na miaka 12, mkono mlaini ajabu, voli zake (mipira ya kupiga kabla haijadunda) zinatua kama jani. Hakupenda kukimbia. Kila nikimwambia akimbie ananiambia "Kocha, mimi mpira unanifuata". Leo yuko benki anahesabu fedha za watu. Mpira uliacha kumfuata akiwa na miaka 15.

#12 Mshoto Original
Hahaha Kocha, huyo mwanafunzi nadhani namfahamu, ni mimi.

Sawa, sasa niwaeleze la mkono wa kushoto maana #3 mliichukulia utani. Mshoto akianzisha kutoka upande wa kushoto wa uwanja wake, mpira wa kukata unamtoka mpinzani wa mkono wa kulia kuelekea nje, upande wa bekihendi, yaani wa kupiga kwa mgongo wa mkono. Na pointi nyingi za kuamua gemu, kama 30-40 na advanteji (anayeongoza kwa pointi moja baada ya 40-40), zinaanzishiwa upande huo. Sasa Chris bekihendi yake ni ya mikono miwili. Tamu sana ikiwa karibu na mwili, lakini mikono miwili haifiki mbali kama mmoja. Martina anamtoa nje ya mstari, anakimbilia wavu, uwanja mzima uko wazi. Kwenye nyasi mpira haupandi, unateleza chini ya magoti. Chris anaokota tu.

Kwenye udongo mpira uleule unapanda hadi kiunoni na unapunguza mwendo. Chris anaufikia, anautuliza, anampita Martina pembeni ya wavu. Ndiyo tofauti yote ya hawa watu wawili, sentimita chache za mdundo.

Na usisahau alianza akiwa mtoto aliyekimbia nchi yake mwaka 1976.

#13 Kipanga
Maelezo ya mkono wa kushoto nayapa kumi kwa kumi. Mwaka umekosea: ni 1975, wakati wa US Open. Na kinachouma zaidi, nusu fainali alifungwa na nani? Na Chris. Akatoka uwanjani, akaenda kuomba hifadhi Marekani. Ana miaka 18.

#14 Mshoto Original
Nimepokea, 1975. Kumbe Chris yumo hata humo.

#15 Mgeni Jana
Habari za humu. Mimi ni wa juzi, tenisi nimeanza kuifuata enzi za Serena. Hawa wawili nimewasikia kwa majina tu. Kama ningetaka kutazama mechi moja, nianze na ipi? Msiniambie matokeo tafadhali.

#16 Chumvi Nyingi
Fainali ya Paris 1985. Nzima, usitazame vipande. Matokeo Fimbo ameshakuharibia kwenye #5, pole sana.

#17 Kikokotoo
Fimbo aliuliza 43 zilichezewa juu ya nini. Nimekaa nimepanga:

Udongo: Chris 11, Martina 3.
Nyasi: Martina 10, Chris 5.
Uwanja mgumu: Martina 9, Chris 7.
Zulia, ndani ya ukumbi: Martina 21, Chris 14.

Jumla 43 kwa 37. Martina anaongoza aina tatu kati ya nne za uwanja. Nadhani nimejibu.

#18 Fimbo ya Tano
Umejibu, ila umejijibu wewe mwenyewe vibaya. Chukua kalamu. Kati ya mechi 80, za zulia ni 35. Za udongo 14 tu! Sasa toa zulia, ambalo hakuna Grand Slam hata moja inayochezewa juu yake. Chris 11 na 5 na 7 ni 23. Martina 3 na 10 na 9 ni 22.

Nje ya zulia Chris anaongoza 23 kwa 22. Nje, juani, upepo unavuma. Narudia polepole ili walioko nyuma wasikie: ISHIRINI NA TATU KWA ISHIRINI NA MBILI.

Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kutolewa kabla ya nusu fainali ya Grand Slam mpaka uzee ulipomwingia.

#19 Chumvi Nyingi
Jamani. Uwanja umepinduka.

#20 Kocha Mstaafu
Fimbo, hesabu yako ni sahihi na hoja yako si sahihi. Ukianza kutoa, kila mtu atatoa anachotaka. Mimi nitoe udongo: Martina 40, Chris 26. Ulikuwa msimu wao. Mashindano ya ndani ya ukumbi yalikuwa na fedha, yalikuwa na pointi, na wote wawili waliyaendea kwa miguu yao. Tena ndani hakuna upepo wala jua la kusingizia. Pale ndipo unapomwona mchezaji na ufundi wake mtupu.

Na hilo la nusu fainali: Wimbledon 1983, raundi ya tatu, Kathy Jordan alimtoa. Chris alikuwa na miaka 28. Miaka 28 si uzee jamani, tutakasirika wengine.

#21 Fimbo ya Tano
Wimbledon 1983 nimekubali, nilisahau. Lakini hapo ndipo ulipokatika mnyororo wa nusu fainali 34 mfululizo katika Grand Slam alizocheza. Nikikosea nakosea kwa 1 juu ya 35.

#22 Shangazi Wavu
Naona wanaume mnatoa na kujumlisha kama wagawa mirathi. Basi na mimi niongeze yangu.

Mwaka 1976, 1977 na 1978 Chris hakwenda Paris kabisa. Alikuwa anacheza ligi ya timu kwao Marekani, World Team Tennis. Ni miaka ileile ambayo hakuna mwanamke aliyemfunga kwenye udongo, popote. US Open ilichezewa udongo wa kijivujivu pale Forest Hills 1975 hadi 1977 na akazichukua zote tatu. Sasa niambieni nani angemzuia Paris? Ana saba. Zingekuwa kumi. Na 18 ingekuwa 21, na huu uzi usingefunguliwa.

#23 Kipanga
Shangazi, kombe ambalo hukwenda kulicheza si kombe. Lakini hata tukikubali mchezo huo, Martina naye alifika fainali ya Paris 1975 kisha hakuonekana tena hapo mpaka 1981. Australia naye aliiruka miaka kadhaa, kama Chris. Enzi hizo Grand Slam nne hazikuwa zinapewa uzito uleule, Australia ilikuwa mbali, inachezwa mwisho wa mwaka, wakubwa wengi hawakwenda. Hakuna aliyekuwa anahesabu. Hesabu hii ya "nani ana ngapi" tumewavisha sisi baadaye.

Kwa hiyo 18 ya wote wawili ina mashimo. Tunagombania sare ya vitu ambavyo wenyewe hawakujua wanashindania.

#24 Kikokotoo
Hiyo #23 imenikera kwa sababu ni kweli.

#25 Nuru ya Jioni
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Niseme kidogo kuhusu #13.

Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka 19 kwenda kusoma mbali. Nilikuwa na ruhusa ya kurudi, tiketi ya kurudi, na simu ya mama kila Jumapili. Na bado mwaka wa kwanza nilinenepa kilo kumi na moja, nilifeli masomo mawili ambayo nyumbani nilikuwa naongoza, na nilikuwa nalia nikisikia mtu anaongea lugha yetu kwenye basi. Huyu binti hakuwa na tiketi ya kurudi. Katika mechi ishirini na kitu za mwanzo na Chris alikuwa ameshinda nne tu. Watu wanaziita "enzi za utawala wa Chris". Mimi nikiziangalia naona mtu mmoja ana baba yake aliyemfundisha tangu mtoto, viwanja vya Holiday Park kwao Florida anavijua kila ufa, na mwingine hajui kama atamwona mama yake tena.

Sisemi Chris alipendelewa. Alishinda haki yake. Nasema hizo mechi za 1975 na 1976 sizihesabu kama nyingine.

#26 Fimbo ya Tano
Nuru, hapo umenishika shati. Sina jibu la takwimu kwa hilo.

Ila nikuulize: 1978 alipomfunga Chris fainali ya Wimbledon alikuwa bado hana nchi wala familia karibu. Kwa hiyo upweke ulimfunga au ulimkomaza? Tukisema yote mawili tunakuwa hatujasema kitu.

#27 Nuru ya Jioni
Yote mawili, kaka. Na nimesema kitu.

#28 Mshoto Original
Mbona hakuna anayegusa wawili wawili? Martina ana Grand Slam 31 za wawili wawili na 10 za mchanganyiko (mwanamke na mwanamume). Ukijumlisha na 18 ni 59. Yeye na Pam Shriver walishinda mechi 109 mfululizo. Mchanganyiko wa mwisho kabeba US Open 2006, akiwa na Bob Bryan, amebakiza mwezi mmoja na siku kadhaa afikishe miaka 50. Chris wawili wawili ana tatu. Tatu! Na mbili kati ya hizo alicheza na nani? Na Martina huyohuyo, Paris 1975 na Wimbledon 1976.

#29 Fimbo ya Tano
Wawili wawili ni mchezo mwingine. Huwezi kumpima mkimbiaji wa mbio ndefu kwa kupokezana vijiti.

#30 Kipanga
Kuna kisa humo lakini. Chris ndiye aliyevunja ule ubia. Ameshaeleza mwenyewe: aliona Martina anaujua mchezo wake kwa karibu mno, na anazidi kuwa hatari. Yaani alimwona anakuja kabla sisi wote hatujamwona. Mtu anayemdharau mwenzake hamwogopi hivyo.

#31 Chumvi Nyingi
Alivunja ubia ili asimfundishe, akaja kufungwa mara 43. Ningekuwa mimi ningebaki naye tu tugawane vikombe.

#32 Kikokotoo
Jaribio jingine, maana hili la wao kwa wao limekwama. Tumlete mtu wa tatu, Steffi Graf. Chris na Graf: Chris alishinda sita za mwanzo, Graf nane zilizofuata, kwisha. Martina na Graf: tisa kwa tisa. Tena US Open 1991 Martina ana miaka 34 anamtoa Graf nusu fainali, seti tatu. Chris wakati huo ana miaka miwili tangu astaafu. Nani alizeeka vizuri?

Na wiki za kukaa namba moja duniani: Martina 332, Chris 260.

#33 Shangazi Wavu
Kikokotoo, viwango vya kompyuta vilianza Novemba 1975, na wa kwanza kukaa juu alikuwa Chris. Aliyotawala kabla ya hapo, 1974 na sehemu kubwa ya 1975, haimo kwenye wiki zako 260. Siku nyingine utaje na tarehe mita iliyofungwa.

Kuhusu kuzeeka: anayecheza kwa kukimbilia wavu anamaliza pointi kwa mipira mitatu. Anayecheza kutoka mstari wa nyuma anapiga ishirini. Magoti hayahesabu miaka, yanahesabu hatua. Mimi nilicheza kama Chris na leo nikipanda ngazi majirani wanasikia.

#34 Kocha Mstaafu
Pole Shangazi. Weka barafu dakika kumi na tano, si zaidi, na taulo katikati.

#35 Shangazi Wavu
Asante mwanangu. Umri huu barafu na mimi tumeshazoeana.

Kuna moja mmeisahau wote. Julai 1986, Kombe la Shirikisho (mashindano ya timu za mataifa), Prague. Martina anarudi alikozaliwa kwa mara ya kwanza tangu 1975, amevaa jezi ya Marekani, na mwenzake kwenye timu ni Chris. Wakaifunga Czechoslovakia fainali, kila mmoja akashinda mechi yake, na watu wa Prague wakamshangilia Martina aliyewafunga. Ni wiki chache baada ya Chris kumnyang'anya Paris. Sasa nyinyi mnapogawana hapa timu Chris na timu Martina, mjue wenyewe walikuwa benchi moja. Na miaka ya karibuni wote wawili wameugua saratani, wakawa wanaulizana hali.

#36 Fimbo ya Tano
Sawa Shangazi, walipendana. Bado ni 23 kwa 22.

#37 Kocha Mstaafu
40 kwa 26.

#38 Kikokotoo
43 kwa 37. Ile ya bila kutoa.

#39 Mgeni Jana
Nimerudi. Nimeipata ile ya 1985 na naitazama tangu saa mbili usiku. Mshoto, nimeona hicho ulichosema, mpira unapanda hadi kiunoni na huyu dada anausubiri kabisa kama anausubiri mgeni mlangoni.

Sasa iko seti ya tatu, 5-5. Chris anaanzisha yeye na ni 0-40, Martina anahitaji pointi moja tu achukue gemu. Martina anapangusa miwani. Nimesimamisha hapo. Matokeo nayajua, 7-5, nimeyasoma #5. Lakini nimekaa dakika kumi naangalia picha iliyoganda na sioni anatokaje hapa.

#40 Fimbo ya Tano
Bonyeza.